Waliokaa Kwenye Viti

Mbio za ndege nilizijulia kwenye ajali. Mwaka niliotoka chuoni kwa kukosa karo, nilikuwa nashinda saiba moja hapa Mosocho nikiwachapia watu barua za kuomba kazi. Mteja mmoja akaondoka na kuacha vidio ikicheza. Reno, Nevada, 16 Septemba 2011. Ndege ya P-51 Mustang, masalio ya Vita Vikuu vya Pili iliyofanyiwa marekebisho ili ikimbie zaidi, inapaa ghafla, inageuka, halafu inashuka kama jiwe kando ya watazamaji. Niliirudia. Nikairudia tena. Kufikia jioni nilikuwa shabiki wa mchezo ambao asubuhi sikujua kama upo.

Kuna wanaosema kuupenda mchezo kwa sababu umeua watu ni roho mbaya. Siwaungi mkono. Wengi wetu tunaingia kwa mlango huo huo, na udadisi wenyewe hauna kosa. Ninachokosoa ni kile tunacholishwa tukishaingia.

Vidio nyingi nilizotazama ni tenzi za rubani. Jimmy Leeward, miaka 74, ndege yake ikiitwa Galloping Ghost, kinanda cha huzuni chini ya sauti nzito ya msimulizi. Tunaambiwa injini, tunaambiwa kasi. Waliokufa siku hiyo ni 11, na rubani ni mmoja tu kati yao. Wale 10 walikuwa wamekuja kutazama, wakakaa kwenye viti kama mimi nilivyokaa saiba. Wao huja mwishoni, kama tarakimu, kabla ya kuombwa ubonyeze kengele.

Chanzo nacho hakina nafasi kwa sababu hakina urembo. Wachunguzi wa Marekani walikuta kwamba nati kwenye kibapa kidogo cha mkiani zilikuwa zimechakaa kile kinachozikaza kwa ndani, skrubu zikalegea, kibapa kikaanza kutetemeka hadi kikavunjika. Nilimsimulia fundi mmoja wa nduthi pale stejini. Hakushangaa hata kidogo. "Hiyo ni nati ya plastiki," akasema. "Ukishaifungua, tupa, weka mpya. Lakini watu ni wabahili, bana." Kwa maneno hayo machache alikuwa ameichambua ajali kuliko saa zangu zote za vidio.

Usidhani ni ugonjwa wa Wamarekani na intaneti yao. Ukitaka kuuona kwetu, fungua West with the Night, kitabu cha Beryl Markham aliyekulia Njoro. Ni kitabu kizuri mno, na hapo ndipo kinaponitatiza. Septemba 1936 Markham alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, akatoka hai, New York ikampokea kwa shangwe. Ndege ile ilikuwa ya John Carberry wa Nyeri, ambaye aliitaka irudi kwa wakati ili ishindane katika mbio za Schlesinger, kutoka Portsmouth hadi Johannesburg.

Mbio hizo zilianza mwezi huo huo bila ndege ya Carberry. Ziliondoka ndege 9, ikafika moja. Huko Abercorn, siku hizi Mbala nchini Zambia, Airspeed Envoy ilianguka ikiruka, wakafa Max Findlay na A. H. Morgan. Mimi nilikisoma kitabu cha Markham mara mbili na bado majina hayo nilikutana nayo kwingine kabisa. Aliyeponea ana kitabu, na sisi wasomaji humfuata mwenye kitabu.

Na hao angalau walikuwa marubani na wenzao. Muulize aliyetazama filamu ya Out of Africa ni nani alikufa ndege ya Denys Finch Hatton ilipoanguka Voi, 14 Mei 1931. Atakutajia Finch Hatton, pengine na kaburi lake la Ngong. Walikuwa wawili. Wa pili ni Kamau, mtumishi wake.

Septemba 2023, mashindano ya mwisho kufanyika Reno, marubani wawili waligongana wakirudi kutua, wakafa. Simu yangu ikaniletea tena ile vidio ya 2011. Niliifungua, sitadanganya. Lakini safari hii nilisimamisha picha kabla ndege haijafika chini, nikaangalia viti. Kuna mtu ameinua mkono kujikinga jua.

Nilimkumbuka binamu yangu. Kiwanja cha ndege cha Suneka hakiko mbali nasi, ila wanasiasa hupenda kushukia karibu na umati, na kampeni moja chopa ilitua kwenye uwanja wa shule tukiwa wadogo. Tulikimbilia vumbi lile kama mbuzi walioona chumvi. Upepo wa mapanga ukang'oa bati la kibanda cha chai, likampata juu ya jicho. Alishonwa nyuzi saba, na nyanya akauza kuku wawili kulipia.

Kovu analo hadi leo. Watu wakimwuliza akawaeleza, karibu wote humwuliza swali moja: ilikuwa chopa ya nani?