Zotero na Vyanzo vya Geita: Tahakiki ya Upangaji wa Marejeleo

Zotero, programu ya bure ya kusimamia marejeleo iliyotolewa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani, husifiwa kwa kuokoa muda. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Mtafiti anayeandika tasnifu ya Kiswahili kuhusu machimbo ya dhahabu ya Geita anahitaji pia kila chanzo kibaki na mwenyewe, mahali pake na wakati wake. Kwa kigezo hicho, programu inafaulu chanzo kinapokuwa chapisho la taasisi, na inayumba kinapotoka kinywani mwa mchimbaji.

Ubora wake unadhihirika katika sheria. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha kwa mkupuo sheria tatu zilizogusa madini. Zikiorodheshwa chini ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, anayepanga kwa mkono hulazimika kuzitenga kwa 2017a, 2017b na 2017c, kisha kupitia upya sura zote akiondoa mojawapo. Zotero huzirekebisha yenyewe.

Hata hivyo, jina hilohilo la Jamhuri linafichua udhaifu. Fomu ya kuingizia taarifa hutenga jina la ukoo na jina la kwanza. Sehemu hiyo isipobadilishwa ipokee jina moja la taasisi, Jamhuri hugeuka mtu wa ukoo wa Tanzania. Kosa ni la mwingizaji, ila mashine hulirudia kwa uaminifu katika kila ukurasa.

Suala la mahali ni zito zaidi. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Wilaya ya Geita ilikuwa Mwanza, Bukombe ilikuwa Shinyanga na Chato ilikuwa Kagera. Mtafiti akiweka lebo ya Geita kwenye ripoti za sasa na kuziacha za zamani chini ya mikoa yake ya awali, utafutaji utampa historia inayoanzia 2012. Mgodi nao ni miwili ndani ya jina moja: ule wa enzi ya ukoloni, uliofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa, uliofunguliwa mwaka 2000. Lebo mbili, ya mkoa wa wakati ule na ya mkoa wa sasa, zingeondoa utata, lakini hazimo hadi mtafiti aziandike.

Dosari kubwa kuliko zote imo katika mtindo wa marejeleo, si katika programu. Mtindo wa APA hauyaingizi mahojiano ya washiriki wa utafiti katika orodha ya marejeleo. Hivyo, katika tasnifu kuhusu Nyarugusu, ripoti ya kampuni itasimama na mwaka wake na mchapishaji wake, ilhali mchimbaji mdogo aliyeeleza jinsi duara linavyowekewa matimba hataonekana. Maadili yanaweza kulazimu jina lake lifichwe. Hayalazimu ushahidi wake ukose rekodi. Zotero ina aina ya rekodi iitwayo mahojiano. Humo msimbo wa mhojiwa, kijiji, tarehe na lugha iliyotumika, Kisukuma au Kiswahili, vinaweza kuhifadhiwa. Faili ya sauti huunganishwa ikiwa kwenye kompyuta ya mtafiti, kwa kuwa nafasi ya bure mtandaoni ni megabaiti 300 tu. Orodha ya rekodi hizo inaweza kutolewa na kuwa kiambatisho cha tasnifu.