Filamu ya Visconti na Kifo cha Ernst Röhm

Filamu ya Luchino Visconti, The Damned (1969), inastahili sifa kwa jambo moja: inawaonyesha wenye viwanda vya chuma wa Ujerumani wakishirikiana na Ufashisti kwa kujali faida yao tu. Visconti alikuwa mtoto wa makabaila. Watu hao aliwajua. Lakini tunapinga namna anavyoeleza kuangamizwa kwa SA, jeshi la mgambo la chama cha Hitler. Tunaonyeshwa walevi wakicheza kando ya ziwa, kisha wakimiminiwa risasi vyumbani. Mtazamaji anatoka akidhani waliponzwa na anasa. Hicho hasa ni kisingizio alichokitumia Hitler mwenyewe!

Kapteni Ernst Röhm, mkuu wa SA tangu 1931, alikusanya vijana wengi wasio na kazi, hata kufikia 1934 jeshi lake lilikuwa la mamilioni. Akadai lichukue nafasi ya jeshi la majenerali, ambalo mkataba wa Versailles uliliruhusu askari 100,000 tu. Majenerali wakataka aondolewe. Mabepari nao walitishwa na kelele za "mapinduzi ya pili". Alikamatwa Bad Wiessee tarehe 30 Juni 1934, akapigwa risasi kesho yake gerezani Munich.

Je, angekimbilia kwa nani? Swali hili filamu hailigusi. Tarehe 2 Mei 1933 watu wake walikuwa miongoni mwa waliovamia ofisi za vyama vya wafanyakazi nchi nzima na kuwatia viongozi ndani. Mwaka mmoja baadaye ofisi hizo zilikuwa bado mikononi mwa chama cha Hitler.