Shilingi za Jua

Alipanda peku. Ngazi ilikuwepo, nilikuwa nimeiazima mwenyewe kwa jirani, lakini babu aliipita kama hakuiona. Akaweka mguu kwenye fundo la nguzo, akashika pau, na mara akawa ameketi juu ya jiko la shangazi kama mtu aketivyo barazani kwake. Kisu mdomoni, kamba ya ukindu begani. "Nipe la kwanza," alisema bila kunitazama. Nikampa. Akaligeuza, akalinusa, akalirusha chini. "Hilo la kufunikia mkaa. Nipe kuti."

Nilikuwa nimemtafuta siku tatu. Kijiji cha Mkwaja ninachokijua mimi kilikuwa na mafundi wa kuezeka kila kitongoji, na ukisema "fundi" bila kuongeza neno, watu walielewa huyo. Sasa ukisema fundi unaulizwa: wa simu, wa pikipiki, au wa aluminiamu? Huyu babu mwenyewe aliacha kazi. Alikubali kuja kwa sababu jiko hili aliliezeka mara ya mwisho yeye, na mara ya kabla ya hapo yeye, na ya kabla ya hapo alikuwa kijana wa kumrushia makuti mjomba wake.

Anaanzia chini, kwenye mchirizi, akipanda. Kila kuti linalalia lile la chini yake na kuacha wazi vidole vinne, si vitano. Niliona akipima kwa mkono wake kila mara, mtu aliyefanya kazi hii maisha yake yote bado hayaamini macho yake. Fundo analifunga kwa ndani, mkia wa kamba ukitazama chini, ili tone likiufuata likadondoke nje ya pau. Nilimuuliza kwa nini paa la makuti lisimame wima namna ile wakati la bati hulazwa. Akanijibu akiwa na kamba menoni: "Maji yakifika juu, mjukuu wangu, usiyape nafasi ya kukaa na kufikiri."

Chini, shangazi alikuwa ametoa vyungu vyote na jiko lilibaki na mafiga matatu na kinu. Jua lilipita kwenye ule upande ambao bado haujaezuliwa, makuti ya zamani, meusi kwa moshi. Ndipo nilipoziona tena. Zilikuwa zimetapakaa sakafuni, duara duara, nyeupe. Shilingi.

Sisi wajukuu wa bibi, Mungu amrehemu, ndivyo tulivyoziita. Paa likiwa jipya hapana kitu, giza tupu la baridi na harufu ya majani. Mwaka wa pili huanza moja, pengine karibu na mlango. Mwaka wa tatu zinakuwa za kuhesabika, na kazi yetu mchana wa joto ilikuwa kulala chali mkekani tukijaribu kuzikamata. Unaweka kiganja, shilingi inakaa juu ya kiganja. Unafumba, imekaa juu ya ngumi. Dada yangu aliamini kwamba ukiweza kuifumba kweli utakuwa tajiri, na mimi nilimwonyesha mara nyingi ngumi yangu imefungwa nikamdai maembe.

Bibi hakuwa na saa. Shilingi moja kubwa ilipofika kwenye mguu wa kinu, alijua adhuhuri imekaribia, akachukua kata ya maji. Majira ya kusi shilingi hiyo hiyo ilihamia upande wa mtungi, na kaskazi ikirudi, nayo inarudi kinuni. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akiishi chini ya paa, basi.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwa nini zote ni duara. Tundu la kuti haliwi duara. Ni ufa, ni pembe tatu, ni mchubuko wa panya. Lakini kinachoshuka sakafuni si sura ya tundu, ni sura ya jua. Nililiona hilo kwa macho yangu tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa. Watu walisafiri hadi Rujewa, kule Mbarali mkoani Mbeya, kuitazama pete. Mimi nilikuwa hapa hapa jikoni, na huku kwetu jua liliumwa tu, halikufikia kuwa pete. Kuelekea adhuhuri shangazi akaniita kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Shilingi zote za sakafuni zilikuwa zimegeuka miezi miandamo. Kila moja, hata zile ndogo kama punje ya mtama, imeng'atwa upande mmoja. Watu wengine kijijini walikuwa wakitafuta vioo vyeusi vya kutazamia. Sisi tulitazama chini. Shangazi alisimama katikati ya ile miezi hadi ikajaa tena, kisha akaenda kuswali.

Zikizidi ishirini, bibi alimwita fundi. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake. Paa lilikupa shilingi za bure miaka mitatu, minne, halafu likakudai za kweli. Na alipoitwa fundi, haikuwa kazi ya fundi peke yake. Wanawake walikuwa wamekwisha kaa wiki mbili chini ya mwembe wakikunja ukuti juu ya upapi, mmoja anakunja, mwingine anashona. Wavulana walipanda kuezua na kushuka weusi kama mkaa. Mtoto wa miaka kumi na minne Mkwaja alikuwa ameshaona nyumba yao ikivuliwa na kuvikwa mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa mgongoni, ya pili alikuwa anaokota vipande, ya tatu alikuwa darini akipokea mkia wa kamba. Hakuna aliyesema anasoma ufundi. Kuti linaoza, na kuoza kwake ndiko kulikokuwa shule. Bati haliozi upesi, kwa hiyo anayelipigilia leo hana haja ya kumwita mwanawe aje aone. Wakati litakapotoboka, mwana yuko Dar es Salaam.

Na miti nayo ilikuwa na majina yake, si "nguzo" na "mbao" tu. Mkoko uliitwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti. Ukienda Pangani, katika zile nyumba kongwe za mawe, tembea uone vyumba vilivyo virefu na vyembamba. Si umaskini wa mwenyewe wala ubahili wa mwashi. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, hapa na ng'ambo pia, kwani majahazi yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi yamebeba boriti za mwambao huu hadi Uarabuni na Ghuba. Leo mikoko haikatwi ovyo, na ni haki. Nyika iliyokuwa ranchi ya Mkwaja, ya kampuni ya mkonge ya Amboni, iliingia katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005, na ufito wa humo si wako. Minazi nayo ina ugonjwa: nazi zinapukutika changa, makuti yanageuka manjano, kisha kichwa kizima kinaanguka. Unabaki mti umesimama bila kilele kama nguzo ya simu.

Ungedhani basi bati tunalipiga vizuri. Mimi mwenyewe niliezeka chumba cha uani, miaka mingi iliyopita, kwa ujuzi wa kutazama wengine. Duka moja lilinipa geji 32 nikifurahi kwamba namba ni kubwa, kumbe namba ikipanda unene unashuka. Misumari nikaipiga kwenye bonde la bati, maana hapo ndipo bati linapogusa mbao na nyundo haibonyezi kitu. Lakini maji nayo hupita bondeni. Msumari wa bati hupigwa mgongoni, juu ya mkondo, na raba yake ikae bila kupasuka. Masika ya kwanza nilitega ndoo sita. Babu alipokiona chumba hicho asubuhi ile hakucheka. Alihesabu misumari kwa kidole, akafika kumi na moja, akaacha.

Shangazi ana hoja zake na sizipuuzi. Makuti yanashika moto, na ana kovu la kuthibitisha. Bati linakinga maji ya mvua yakajaa simtanki. Na mwanamke mwenye nyumba ya makuti, harusini huulizwa wanawe wako wapi. Wageni wanaolala kwenye mahoteli ya Ushongo chini ya makuti mapya hawaulizwi hivyo.

Alasiri babu alifunga kuti la mwisho kwenye mgongo wa paa, akashuka kwa njia ile ile aliyopandia. Jikoni mlikuwa na giza. Shangazi akaingia, akatazama sakafu, akatoka ametosheka. Fundi alipokea hela bila kuzihesabu, akafunga kisu kwenye kitambaa. "Miaka minne," alisema. "Zikianza kuonekana, niiteni."

"Inshallah, baba," shangazi akajibu.

Alikuwa hajapotea bado nyuma ya minazi iliyokatika vichwa, shangazi akanisogelea. "Jiko hili linataka bati nane tu," alininong'oneza. "Nimeshapima."