Jiwe Jepesi la Bustani, kwa Pumba za Mpunga wa Tana

Wapenda bustani wa Uingereza walipoona mabirika ya kale ya mawe yameadimika, walitafuta njia ya kuyaiga. Walichanganya saruji, udongo mweusi wa vinamasi na mchanga au madini ya volkano yaliyovimbishwa kwa moto, wakapata kitu chepesi chenye vitundu, kinachofanana na jiwe la tufa. Ndiyo haipatufa.

Pwani yetu inalijua jiwe la namna hiyo tangu kale. Karibu na Kipini, Mto Tana unapoingia baharini, yapo magofu ya Ungwana yaliyochimbuliwa na James Kirkman, ambaye kitabu chake juu ya mji huo kilitoka mwaka 1966. Ni mji wa matumbawe na chokaa. Mafundi wa pwani walilitoa tumbawe baharini likiwa bichi na laini, wakalichonga upesi, kisha wakaliacha likazwe na hewa. Leo matumbawe yanastahili kubaki baharini, lakini mtu wa Garsen, kwenye delta ya Tana, anaweza kuipata sura yake katika chungu cha mimea cha saruji.

Asihangaike kutafuta vifaa vya Uingereza. Ajiulize kila kifaa kilikuwa na kazi gani. Kinachohitajika ni kitu chepesi, kinachonyonya maji na kuacha vitundu, na pumba za mpunga wa delta zinaifaa kazi hiyo. Tena zina silika nyingi, kwa hiyo haziozi haraka. Ila pumba mbichi zina sukari inayochelewesha saruji kushika. Ziloweke usiku kucha katika maji ya chokaa, uzisuuze, uzichuje. Anayeiruka hatua hii atapata chungu kinachomeguka kingo kwa kidole.

Mchanga wa mto nao una matope. Tikisa kidogo ndani ya chupa ya maji, uache utulie. Tabaka la tope juu likiwa nene, uoshe. Mchanga wa ufuoni sishauri, kwa sababu ya chumvi.

Kwa karai moja la saruji, weka karai moja na nusu la mchanga na moja na nusu la pumba. Maji yaingie kidogo kidogo: ukiufinya mchanganyiko mkononi, yatoke matone machache tu. Vaa glavu, maana saruji mbichi huunguza ngozi. Shindilia kati ya beseni mbili zilizotandikwa nailoni, unene wa sentimita 4 hadi 5, na uache matundu ya kutolea maji chini.

Kazi nyingi huharibikia hatua inayofuata, ya kukaza. Saruji hukazwa na maji yaliyomo ndani yake, na jua la Garsen huyanyonya kabla hayajamaliza kazi. Chungu kilichoanikwa uwanjani hupasuka nyufa. Kiweke kivulini chini ya mwembe, ukifunike kwa magunia mabichi na nailoni. Baada ya siku moja au mbili, kingali kinakwaruzika kwa ukucha, kitoe kwenye beseni ukisugue kwa brashi ya waya mpaka kiwe na sura ya jiwe la kale. Kisha kirudishe chini ya magunia. Wahandisi hupima nguvu ya zege siku ya 28, nami siku hizo singezipunguza.

Kabla ya kupanda, kiloweke na ubadilishe maji mara kadhaa, kwa kuwa ukali wa saruji mpya huchoma mizizi. Anza na shubiri au waridi la jangwa, mimea inayopenda udongo usiotuamisha maji.