Kura na Nafsi: Unyenyekevu katika Tafakuri ya Kila Siku

Tafakuri ya Maandiko ya kila siku husomwa sana na Wakristo wasemao Kiswahili, nyumbani na ughaibuni, ila wahakiki huipita kana kwamba ni maudhui matupu yasiyo na fani. Ninavyoisoma, unyenyekevu inaoufundisha umo kwanza katika fani yake. Fani ikilegea, mawaidha hayauokoi.

Mfano bora ni Losungen, kitabu cha Kanisa la Moravian. Tarehe 3 Mei 1728, huko Herrnhut, Ujerumani, Nikolaus von Zinzendorf aliwapa waumini neno la kuwaongoza siku iliyofuata, nalo likapelekwa nyumba kwa nyumba. Kitabu cha kwanza kilichapishwa kwa ajili ya mwaka 1731. Hadi leo andiko la Agano la Kale hupigiwa kura kutoka katika mkusanyo wa mistari takribani 1,800, na la Agano Jipya huchaguliwa na mhariri ili liitikie lile la kwanza. Kanisa hilo lilianza kazi Rungwe mwaka 1891, na sasa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye Wamoravian wengi zaidi duniani.

Hapo kura yenyewe ndiyo somo. Mfiwa huenda akakutana na mstari wa shangwe, na aliyeridhika akakutana na karipio. Andiko halikuja kumthibitishia msomaji alichokwisha kuamua, hivyo hana budi kulisubiri lizungumze. Hata hivyo njia hii ina hatari yake: mstari uliokatwa na sura yake huweza kuvaliwa kama hirizi. Anayeunyenyekea kwa kweli huirudia sura nzima.

Simu imegeuza mambo. Sasa msomaji hutafuta mstari unaofanana na hali yake, au huutuma kwenye kundi la ukoo ili umpate ndugu fulani. Katika Luka 18, Farisayo naye anasali, tena anashukuru. Kosa ni kwamba ndani ya sala yake amemtia mtu wa kujilinganisha naye. Mtoza ushuru hana mtu mwingine katika sala yake, nayo ni fupi. Kipimo hiki kinazifaa tafakuri zetu pia. Nyingi huanza kwa nafsi ya “sisi”, kisha katikati huteleza kwenye “ninyi”, na mwandishi akawa amekwisha kutoka miongoni mwa wanaohitaji rehema.

Uteuzi wa maneno una uzito uleule. Tafsiri ya Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 hutumia kujinyenyekeza katika Wafilipi 2, kujidhili katika Luka 18 na Yakobo 4, na kunyenyekea katika 1 Petro 5. Waandishi wa tafakuri huyachukua kama visawe. Lakini kiambishi -ji- humfanya mtu kuwa mtenda na mtendwa kwa pamoja, hivyo huweza kumpa nafasi ya kujitazama anavyojishusha. Kunyenyekea hakuhitaji kioo hicho. Nalo neno dhili lina undugu na udhalili, hali ambayo mhamiaji anayedharauliwa kazini kwa lafudhi au kwa hati zake anaijua bila kufundishwa. Kumwambia huyo ajidhili, kisha kunyamaza, ni kumwachia bwana wa kazi heshima isiyo yake. Yakobo hakunyamaza: aliweka mpaka kwa kusema ni mbele za Bwana. Tafakuri inayouondoa mpaka huo imegeuza unyenyekevu kuwa utii kwa mwenye nguvu, hata kama kila neno lake limetoka katika Biblia.

Kwa hiyo mhakiki anayo kazi hapa. Aulize ni nani aliyeuchagua mstari, ni nafsi ipi inayosema, na msomaji ameinamishwa mbele ya nani. Tafakuri nzuri hujibu yote matatu katika ukurasa mmoja, kisha hunyamaza, kwa sababu kesho ina andiko lake, na aliyefundisha leo atalipokea akiwa mwanafunzi kama wengine.