Pongezi kwa Mpima Mtetemo
Kwenye viwanda na pampu za Mwanza, fundi apimaye mtetemo wa mashine hupongezwa kwa nadra, kwa kuwa kazi yake ikifanikiwa hakuna kinachoharibika. Kipimamchapuko chake, yaani kifaa cha kupima badiliko la kasi, kina fuwele itoayo chaji ya umeme inapogandamizwa, tabia waliyoionyesha ndugu Jacques na Pierre Curie mwaka 1880. Mota ya mizunguko 1,500 kwa dakika, ikikosa ulinganifu, hutetema mara 25 kwa sekunde, ilhali beringi iliyoanza kuchubuka hutetema kwa haraka zaidi. Ndiyo maana fundi stadi hukikaza kifaa kwa skrubu badala ya kukishikilia, kwani mkono, hata uwe mzoefu kiasi gani, huipoteza mitetemo hiyo ya haraka.