Manyoya ya Kuazima

Mezani pangu pana unyoya mmoja wa kasuku wa kijivu, uliopukutika wenyewe. Upande mmoja wa uti wake ni mwembamba na mgumu, ndio unaokata upepo. Upande wa pili ni mpana na laini. Umetoka bawa la kulia. Ukiutia bawa la kushoto, utapinda kinyume na wenzake. Kwa hiyo fundi wa kuunga manyoya, kabla ya lolote, huuliza mambo mawili: wa bawa lipi, na ni wa ngapi?

Kasuku ana manyoya kumi marefu kwenye ncha ya kila bawa, nayo ndiyo yanayomsukuma mbele angani. Akikatwa manyoya hayo kwa mkasi ili asitoroke, hasikii maumivu, kwa kuwa unyoya uliokomaa hauna uhai, ni kama ukucha. Ila ukucha una shina linalousukuma kila siku, na unyoya uliokomaa hauna. Kigutu hukaa pale pale mpaka zamu yake ya kupukutika ifike, na kasuku hana haraka. Huanzia katikati ya bawa, akaenda mmoja mmoja kuelekea ncha na kuelekea mwilini, kulia na kushoto kwa mwendo mmoja. Mwaka unaweza kupita, na zaidi.

Unyoya mpya huchomoza ukiwa ndani ya ala, umejaa damu. Kwa kawaida hukua ukiwa umesimamiwa na wakubwa wake pande zote mbili. Ndege aliyekatwa manyoya yote hana wa kuukinga: akianguka kutoka kwenye kitulio, ala huvunjika, damu ikachuruzika, na kungoja kukaanza upya. Wapo wanaoving'oa vigutu ili kuharakisha mambo. Inauma, na kitundu cha ngozi kikijeruhiwa huenda kisioteshe tena unyoya mzima.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia wafugaji wa kozi. Wa Arabuni na wa Ulaya wameunga manyoya yaliyovunjika kwa mamia ya miaka. Zamani walitumia sindano ya chuma yenye pembe tatu, wakailoweka kwenye siki au maji ya chumvi, ili ishike kutu ndani ya uti na isichomoke. Kutu, inayokula kila chuma, wao waliitia kazini! Kazi hiyo ya kuunga manyoya ingali hai katika hospitali ya kozi ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 1999, na madaktari wa ndege wameihamishia kwa kasuku.

Ndege hupewa dawa ya usingizi, bawa likakunjuliwa juu ya taulo. Kigutu hukatwa pale uti ulipo mpana na mtupu ndani. Kisha huchongwa kijiti cha mwanzi, nusu yake iingie kwenye kigutu na nusu kwenye unyoya wa kuazima, uliopukutika kwa ndege mwingine, na hapo ndipo mkono wa fundi unapojulikana: kikiwa kinene, uti unapasuka, kikiwa chembamba, unyoya unazunguka. Hujaribiwa bila gundi kwanza, kikatolewa, kikapunguzwa tena kidogo. Kipande cha karatasi huwekwa chini ili gundi isiguse unyoya wa jirani. Ndipo linapodondoshwa tone moja, na fundi anaushika unyoya bila kutikisika mpaka ukauke, jicho likiwa kwenye mpangilio, kwa maana unyoya uliokaa upande utasuguana na wenzake kila bawa linapopigwa. Huo ni mmoja. Bado tisa, na bawa la pili.

Nawaza kuhusu misitu ya Kongo, ambako kasuku hawa hunaswa kwa ulimbo. Mwaka 2016, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg ulizuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini, lakini bado wananaswa, na wengi wanaookolewa huwa na mabawa yaliyokatwa au kugandamana. Wakifika kwenye kituo cha kuwatunza, kama kile cha Lwiro, Kivu Kusini, kinachojulikana zaidi kwa sokwe, hawawezi kurudi msituni mpaka waweze kuruka.

Ninachokipenda zaidi katika ufundi huu ni kwamba fundi anajua kazi yake itaanguka. Zamu ya kigutu ikifika, unyoya wa kuazima utadondoka pamoja nacho, na ule wa ndege mwenyewe utashika nafasi yake. Lakini katika miezi hiyo ndege ameruka, misuli ya kifua haikulegea, na kila unyoya mchanga wenye damu umekua ukikingwa na mzee wa kuazima.

Kama nyumbani kwako yupo kasuku, usiyafagie manyoya yake marefu. Yaandike bawa na namba, yatie kwenye mfuko, yakae kwenye friza siku kadhaa ili wadudu wafe, kisha yahifadhi pakavu. Siku moja huenda yakahitajika, na ya ndege wa aina nyingine kwa kawaida hayafai.